Kofia Iliyofungwa Kinyume

Kila asubuhi, kabla simu hazijaanza kulia na watu hawajaanza kulalamikiana kwenye korido, Inspekta Nukta alichonga penseli tatu. Alizichonga kwa wembe, amesimama dirishani, na chai yake ya rangi ikipoa juu ya kabati la majalada. Hakuna aliyekumbuka nani alianza kumwita Nukta. Wale waliowahi kumwandikia taarifa walisema ni kwa sababu aliweza kurudisha karatasi ya kurasa nne kwa ajili ya nukta moja iliyokosekana. Mwenyewe hakuwahi kukubali wala kukataa. Alikuwa mwanamke mpole, wa sauti ya chini, na waliomwona kwa mara ya kwanza walidhani ni karani.

Alikuwa kwenye penseli ya tatu mlango ulipofunguliwa bila hodi. Mwanamke wa makamo aliingia amekumbatia furushi la shuka la kitandani, akalitua mezani kwa uangalifu kama analaza mtoto.

“Nimeambiwa wewe ndiye unayesoma mpaka mwisho,” alisema.

Nukta alimtambua. Alimwona Jumamosi iliyopita kando ya shamba la alizeti, amekaa chini na viatu mkononi, huku wazima moto wakimchomoa mumewe kutoka kwenye ndege iliyolala chali. Mumewe alikuwa Mwalimu, mstaafu aliyefundisha fizikia chuoni kwa miaka thelathini, kisha kwa miaka sita akajenga ndege ya viti viwili ndani ya banda lililo nyuma ya uwanja mdogo wa ndege. Na mtu aliyekuwa mahabusu chini ya ofisi hii hii, siku ya pili sasa, alikuwa Fundi, kaka yake mwanamke huyu, baba mmoja mama mmoja. Ilisemekana Fundi ndiye aliyeihujumu ndege ili shemeji yake aanguke.

Mama yule alifungua shuka. Ndani yake kulikuwa na kitu cheupe cha faiba, kilichochongoka kama nusu ya yai, ukubwa wa tikiti maji la wastani, kimepasuka ubavuni kutoka mdomoni hadi karibu na ncha.

Hiyo ndiyo ilikuwa kofia ya panga, kitu ambacho polisi walikitafuta siku mbili wakaambulia vipande vya kujaza kiganja. Kofia hufunika kitovu cha panga la mbele, lile linalozunguka na kuivuta ndege angani. Yenyewe haivuti chochote. Kazi yake ni kupasua upepo na kuulainisha njiani. Lakini huzunguka pamoja na panga, zaidi ya mara elfu mbili kwa dakika, na kitu kinachozunguka hivyo hakina msamaha. Jumamosi asubuhi, mara ya kwanza kabisa ndege ile kuruka, kofia ilianza kutetemeka ikiwa juu kidogo ya vilele vya miti, ikapasuka, ikachomoka, ikagonga panga. Mwalimu alizima injini na kuangukia kwenye alizeti. Alivunjika mguu na mtulinga. Kwa jinsi ndege ilivyokuwa, alikuwa na bahati ya mtende.

Mama alieleza kwamba mwenye shamba aliiokota jana jioni akampelekea. Mumewe hakujua kama amekuja hapa. Kaka yake naye hakujua.

“Huku mume, huku ndugu,” alisema. “Nikivuta huku, nachana kule.”

“Unataka nimwachie kaka yako?”

“Nataka uangalie. Saa sita mnampeleka mahakamani, na hii hakuna aliyeiangalia.” Alianza kukunja shuka, akalikunja pembe kwa pembe, kisha mikono ikasimama. “Jumamosi ile asubuhi...”

Nukta aliweka wembe chini.

“Basi,” alisema mama yule, akaweka shuka kwapani, akatoka.

Nukta aliandika maneno matatu kwenye daftari lake: *Jumamosi ile asubuhi*. Hakuweka nukta.

*

Mkuu wa kituo alikuwa na hati ya mashtaka mezani na alitaka saini moja tu, ya mpelelezi. Kosa ni kuhatarisha maisha ya mtu kwa makusudi. Alimkumbusha Nukta, akihesabu kwa vidole, kwamba ushahidi ulikuwa mafiga matatu na chungu kimekaa sawa. Mwalimu ameandika maelezo akiwa kitandani hospitali kwamba kofia ilifungwa na shemeji yake, na kwamba shemeji yake alikuwa na hasira naye. Mlinzi wa uwanja alisikia mtu akikwaruza kitu bandani alfajiri ya Jumamosi, akajua ni Fundi, kwa sababu nani mwingine hukwaruza vitu alfajiri? Na majirani wa banda walimsikia Fundi, siku mbili kabla, akimwambia Mwalimu kwa sauti ya juu: “Ukiirusha hivi hivi, utajuta.”

“Mlinzi alimwona?” Nukta aliuliza.

“Alimsikia.”

“Alisikia mkwaruzo, Mkuu.”

Mkuu alivua miwani akaifuta, ishara kwamba subira yake imebaki ya kupima kwa kijiko. “Inspekta, wewe ukipewa kesi ya kuku aliyekufa, utataka kujua yai lake lilitagwa siku gani.”

Nukta alisema kwamba kama yai ndilo lililomuua kuku, ndiyo, angetaka kujua. Mkuu alicheka bila kupenda, akampa mpaka saa sita. Si saa sita na dakika, alisisitiza. Gari la mahakamani halina mazoea ya kusubiri.

Chumba cha vielelezo kilikuwa chini ya ngazi. Koplo, mwanaume mnene aliyekuwa akihesabu miezi ya kustaafu, aliwasha taa na kusogeza makasha mpaka meza ikapata nafasi. Mezani waliweka kitovu cha panga kilichofunguliwa kutoka kwenye injini, pamoja na sahani ya bati iliyokuwa nyuma yake. Sahani hiyo ndiyo hubeba kofia: pembezoni mwake kulikuwa na matundu kumi, na nyuma ya kila tundu nati ndogo iliyopigwa ribiti ili isihame. Kishindo cha ajali kilikuwa kimeng'oa kofia, kikakata skrubu nne na kuziacha sita zimesimama palepale, zimekaza, vichwani zikiwa na nyuzi za faiba kama meno yaliyotafuna muwa.

“Hazikulegezwa,” Nukta alisema.

“Zimekazwa mno, Afande. Tazama hii, kichwa kimelika.”

Aliiinua kofia, akaitazama mdomo. Kati ya matundu yake kumi, sita yalikuwa yamechanika. Manne yaliyobaki yalikuwa mazima lakini hayakuwa duara. Mtu alikuwa ameyapanua upande mmoja kwa tupa nyembamba ya mviringo, na weupe wa faiba pale tupa ilipopita ulikuwa mpya, haujashika vumbi wala grisi.

Kisha akamulika ndani kwa tochi.

Karibu na ncha, kwenye gundi iliyokauka ngumu kama kioo, kulikuwa na alama ya dole gumba. Haikuwa ya uchafu. Ilikuwa imezama, kila mstari wazi, mtu alikuwa ameibonyeza gundi ikiwa bado laini. Kando yake, upana wa vidole viwili, palikuwa na doa lililofifia, lisilong'aa. Nukta alisogeza tochi. Doa lilikuwa na mikwaruzo myembamba ya kuzunguka, duara juu ya duara. Msasa.

Koplo alileta kadi ya alama za vidole za mahabusu na lenzi. Haikuchukua muda. Dole gumba la Fundi lilikuwa na kovu linalokata katikati kama mstari wa reli. Lile lililobaki ndani ya kofia halikuwa na kovu.

“Basi imekwisha,” Koplo alisema, na alionekana kufurahi kidogo kwamba imekwisha kabla ya chai ya saa nne. “Walikuwa wawili. La Mwalimu lipo, la Fundi limefutwa. Amejifuta mwenyewe, Afande. Mtu akitaka kuchoma nyumba, kwanza hutoa picha zake ukutani.”

Ilikuwa hoja nzuri. Nukta aliigeuza kichwani kama alivyoigeuza kofia, akaona ilivyokaa vizuri kila upande isipokuwa mmoja.

“Na hayo matundu?” aliuliza. “Anayetaka kofia ichomoke angelegeza skrubu mbili akaenda kulala. Huyu amehangaika na tupa, amekaza mpaka vichwa vimelika. Koplo, huyu alitaka kofia ikae.”

Koplo alikuna kidevu. Alisema labda Fundi ni muuaji mwenye bidii.

*

Fundi alikuwa mnyoosha bodi za magari, mwanaume mrefu mwenye mikono mizito na kucha zilizoingia rangi za miaka mingi. Aliingia chumba cha mahojiano amefungwa pingu kwa mbele, akamwamkia Nukta kwa heshima, akakaa akiangalia meza. Kitu kilichokuwa juu yake kilikuwa kimefunikwa kwa gazeti.

Nukta alianza na neno “utajuta”. Fundi alisema ni kweli alilisema. Alitaka injini iwashwe chini siku mbili zaidi, ndege ikiwa imefungwa kamba, ili waone kama kuna kinachotetemeka. Shemeji yake alikuwa ameshaalika watu kuja kuona. Walipayukiana, wakaachana, na kesho yake Fundi akapeleka gari la mteja mji wa pili na hakurudi mpaka Jumamosi saa mbili, ndege ikiwa tayari inasukumwa nje. Alikuwa na mashahidi? Alikuwa na mteja, ambaye simu yake haipatikani. Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayetaja mvua.

“Nieleze mlivyoifunga kofia,” alisema Nukta. “Mara ya kwanza kabisa.”

Hapo uso wa Fundi ulibadilika. Alieleza kwa mikono, pingu na yote. Waliikatia kofia nafasi za kupitishia mbawa mbili za panga kidogo kidogo, leo unene wa karatasi, kesho unene wa karatasi, mpaka panga likaingia bila kugusa. Kisha wakaisimamisha kofia kwenye sahani yake bila tundu hata moja, wakaibana kwa utepe wa karatasi wenye gundi, wakaweka kigingi chenye waya mbele, waya ukigusa ncha kwa mbali kama mbu. Dada yake alizungusha panga kwa mkono, polepole. Shemeji alishika tochi. Yeye alipiga magoti na kutazama: ncha ikiukimbia waya, anasukuma, ikiusogelea, anavuta. Walishinda mchana mzima. Dada yake akasema kama angejua ndoa ina kazi ya kuzungusha panga angebaki nyumbani kwa mama yake. Ncha ilipotulia ndipo alipotoboa, tundu moja na la pili linalotazamana nalo, kwa keekee ya mkono.

“Tundu la mkono halina pacha, Afande. Kila moja lina nati yake. Na panga likiwa na mbawa mbili, kofia inakubali kuingia namna mbili, hivi na hivi, nusu duara. Ukiigeuza inaonekana imekaa, lakini haijakaa. Ndiyo maana niliweka alama.”

Nukta aliondoa gazeti.

Fundi aliitazama kofia kwa muda. Kisha, bila kuambiwa, akapitisha kidole ndani ya mdomo wake mpaka kikasimama. Palikuwa na mkato mdogo wa tupa, usioonekana, wa kupapaswa tu. Alitafuta mwenzake kwenye ukingo wa sahani, akaupata, akaikalisha kofia mkato juu ya mkato. Nukta aliinama. Kupitia kila tundu zima, nati ilionekana yote, duara zima.

“Sasa igeuze.”

Aliigeuza nusu. Nati zikajificha, zikabaki zimechungulia kama mwezi mwandamo. Ila upande ule tupa ilipopita, skrubu ingeweza kuingia kwa kulazimishwa.

Fundi aliyahesabu matundu kwa kidole. “Nani kaifunga hivi?” alisema. Haikuwa hasira, ilikuwa aibu ya kazi, kama fundi cherehani anayeona shati lake limevaliwa nje ndani. “Huyu ameona matundu hayaingii, akadhani matundu ndiyo yenye makosa. Ncha imehama. Ikihama unene wa ukucha tu, huko juu inakuwa nyundo.”

“Mwalimu anaijua alama yako?”

“Hajawahi kuiuliza. Nikifunga kofia yeye huwa ameshaondoka. Unga wa faiba unamuwasha vibaya, anavimba mpaka viwikoni. Kazi ya faiba ilikuwa yangu, yeye alikuwa na injini na vitabu.”

Nukta aliandika. Kisha akampa tochi na kumwambia atazame ndani.

Fundi alitabasamu kabla hajatazama. Alieleza kwamba siku ya tabaka la mwisho, gundi ikiwa bado mbichi, shemeji yake alisema waweke dole gumba, kila mtu lake. Hakuna atakayeyaona, alisema, ila sisi tutajua yapo, yanazunguka mbele yetu. Dada yake aliwacheka, watu wazima wanacheza na gundi. Kisha Fundi akamulika, na tabasamu likabaki usoni peke yake, mwenyewe akiwa ameshaondoka.

Aliingiza kidole, akagusa doa. Akagusa tena.

“Imekwaruzika ilipoanguka,” alisema.

“Kuanguka hakuzungushi msasa, Fundi.”

“Lake lipo?”

“Lipo.”

Fundi aliirudisha kofia mezani taratibu, akaisogeza mbali kidogo kwa ncha za vidole. Nukta alikuwa ameona watu wengi wakisikia habari mbaya kwenye kiti kile. Wengine hupiga meza, wengine huomba maji. Huyu alikaa tu kama mtu aliyefika nyumbani kwake akakuta kufuli limebadilishwa, na taa ndani zinawaka.

Aliinua macho. Kisha alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Andika ni mimi.”

“Nini?”

“Andika niliifunga vibaya. Dada yangu atakaa na nani, Afande? Mimi sina mke, sina anayenisubiri. Yule akipelekwa, yeye anabaki na nini?”

Penseli ya Nukta ilisimama. Kwa miaka yake yote ya kazi alikuwa amesikia watu wakikana walichofanya, lakini mtu wa kuomba kisichokuwa chake alikuwa hajampata. Aliiweka mezani.

“Siandiki kitu ambacho hakikutokea,” alisema.

*

Saa nne na nusu alikuwa mezani kwake na jalada la ndege, lile lililoletwa kutoka ofisi ya wakaguzi, ambalo kituo kizima kililiona kuwa ni karatasi za kuongeza uzito. Alilisoma kuanzia jani la kwanza. Vipimo vya mabawa, uzito, mafuta. Ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa hati ya kiapo ya mjenzi wa pekee. Aliisoma mara mbili, akaitoa.

Ukurasa wa ishirini ulikuwa barua fupi. Mkaguzi angefika Jumatatu baada ya mruko wa kwanza, kufungua vifuniko vyote, na kofia ya panga ikiwemo, na kupiga picha ndani. Mjenzi akithibitishwa kuwa wa pekee, jina lake lingewekwa kwenye ngao ukutani mwa chuo alichofundisha.

Nukta alimwita Koplo, akamwambia amtoe Fundi, wanakwenda hospitali kutambua kielelezo. Koplo alitazama saa, akamtazama yeye, akaamua kutosema kitu.

Wodini, muuguzi aliwapokea akilalamika. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani mguu wake unaendelea vizuri, lakini tangu Jumamosi anajikuna. Wamedhani ni dawa, wamembadilishia mara mbili, wapi. Na ajabu, haimuwashi mwilini, ni mikono tu, kuanzia vidoleni hadi viwikoni. Nukta alimshukuru kwa taarifa hiyo kuliko muuguzi alivyotarajia.

Mwalimu alikuwa ameegemezwa mito, mguu umening'inizwa, nywele za mvi zimechanwa vizuri. Mkewe alikuwa kando yake na bakuli la uji. Mwalimu alimkaribisha Inspekta kwa ucheshi, akasema samahani hawezi kusimama, mguu wake umepewa likizo bila yeye kuomba. Kisha akamwona Fundi mlangoni, kati ya Koplo na fremu, na ucheshi ukaisha kama maji kwenye mchanga. Mkewe hakugeuka. Alikuwa amejua nyayo za kaka yake kabla hajaonekana.

Nukta alivuta kiti.

“Mwalimu, nithibitishie tu. Kofia ilifungwa na nani?”

“Nimeshaandika. Kofia ilikuwa kazi ya shemeji tangu mwanzo.”

“Tangu mwanzo.”

“Tangu kukata faiba mpaka skrubu ya mwisho. Mimi sikuigusa.”

Nukta aliweka maelezo hayo juu ya shuka, saini ikiwa juu. Kando yake akaweka ile hati ya kiapo, akamwomba asome mstari wa nne. Mwalimu alivaa miwani. Alianza kwa sauti ya darasani, iliyonyooka, na kila neno lilivyotoka sauti ikawa inarudi nyuma.

“Naapa kwamba chombo hiki... nimekijenga kwa mikono yangu mwenyewe... bila kusaidiwa na mkono wa mtu mwingine yeyote.”

“Karatasi mbili, saini moja,” alisema Nukta. “Nikienda mahakamani saa sita, nisome ipi?”

Kitanda cha jirani kilikuwa na redio ndogo, mtu aliizima.

Mwalimu alisema ile hati ni utaratibu tu, kila mtu huandika hivyo. Alisema hata kama Fundi alisaidia hapa na pale, hilo halibadilishi nani alifunga kofia. Huku akisema, mkono wa kulia ulikuwa ukikuna wa kushoto, na kila mtu kwenye chumba kile aliutazama isipokuwa yeye.

“Mikono inawasha kwa nini, Mwalimu?”

“Dawa.”

“Si dawa,” alisema mkewe.

Aliweka bakuli chini. Alisema bila kumtazama mtu kwamba Jumamosi asubuhi mumewe alitoka kitandani kabla hakujapambazuka, akarudi kimya, na yeye akasikia maji bafuni, muda mrefu, mtu akinawa mpaka viwikoni. Alijifanya amelala. Alidhani ni hofu ya kuruka na hakutaka kumwaibisha.

Baada ya hapo hapakuwa na cha kushikilia. Mwalimu alieleza kwa sentensi fupi, na Nukta aliandika zote. Mkaguzi angefungua kofia na kukuta madole mawili. Mwenyewe alikwenda bandani na tochi na msasa, akafuta la Fundi. Ilipofika kuirudisha, skrubu zilikataa. Alijaribu, akajaribu, nje kulikuwa kunakucha na wageni walikuwa njiani. Akachukua tupa. Hospitalini alipoulizwa nani alifunga kofia, jibu la kwanza lililomjia mdomoni ndilo lililoandikwa, na kila siku iliyopita lilizidi kuwa zito kulitoa. Miaka thelathini, alisema, alifundisha jinsi ndege inavyoruka, na wanafunzi wakimwita Mwalimu wa Ndege za Karatasi. Walidhani hasikii.

“Mfungue,” Nukta alimwambia Koplo.

Pingu zilifunguka. Ilikuwa saa sita kasoro dakika nane. Nukta alitoka kwenye korido, akampigia Mkuu simu, akamwambia hatatia saini, na kwamba anakuja na maelezo mengine. Mkuu aliuliza kama yai limepatikana. Alisema limepatikana.

Aliporudi, Fundi alikuwa amesogea mpaka miguuni mwa kitanda. Alikuwa akisugua vifundo vya mikono, pale pingu zilipokuwa.

“Ungeniambia tu,” alisema. “Ningekuja mwenyewe nikalifuta. Na ningeifunga vizuri.”

Mwalimu alifumba macho. Mkewe alikuwa amesimama katikati yao, mkono mmoja kwenye chuma cha kitanda, na mwingine haukuwa na pa kwenda.

“Jambo moja tu, shemeji, ndilo linanishinda,” Fundi aliendelea. “Nimelala chini siku mbili. Ulijua nitafungwa. Nilikukosea nini? Ulitaka nife?”

“Hapana.” Mwalimu alifumbua macho na kwa mara ya kwanza tangu waingie alimtazama. Nukta aliona midomo yake ikitafuta maneno ya adabu, ikayaacha moja moja.

“Sikutaka ufe,” alisema. “Wala ufungwe, wala upatwe na lolote. Nilitaka iwe kama hukuwahi kuwepo.”